Sahihi kwenye fomu ya ridhaa haimalizi swali la haki

Mleta mada, umeuliza: kama mgonjwa ameelezwa utafiti, ameelewa, na ametia sahihi kwa hiari yake, anadai haki gani tena? Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya maadili ya utafiti kama mjumbe asiye mtaalamu, na hakuna jambo tulilobishania kama hili. Jibu langu ni kwamba anadai mengi, na sahihi yake inaweza kutumika kuyafunika.

Ridhaa ni ya mtu mmoja mmoja. Haki inaangalia kundi zima: nani anabebeshwa hatari, na nani atakuja kufaidi dawa ikipatikana. Ripoti ya Belmont ya Marekani, 1979, iliyoweka kanuni za maadili ya utafiti kwa binadamu, iliitaja haki kama kanuni inayojitegemea, kando ya kuheshimu watu na kuwatendea wema. Ilikuwa na sababu. Kule Tuskegee, Marekani, tangu 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende bila kuwatibu, ingawa penisilini ilikuwa tayari tiba ya kawaida kabla miaka ya 1940 haijaisha. Wengi hukumbuka kwamba walidanganywa, na kweli walidanganywa. Lakini hata wangeambiwa kila kitu, lingebaki swali: kaswende haichagui rangi wala kipato, kwa nini wachaguliwe maskini wa mashambani peke yao?

Ndiyo maana maombi yakifika mezani, mimi huanza na ukurasa unaoeleza washiriki watatoka wapi. Fomu ya ridhaa huisoma baadaye, kwa sababu mara nyingi huwa imeandikwa vizuri. Nakumbuka ombi moja la dawa mpya ya ugonjwa sugu. Washiriki wote walitafutwa kwenye kliniki za wasio na uwezo wa kulipia matibabu, na hapakuwa na hata sentensi moja kuhusu watakachopata utafiti ukifungwa. Mtu apewe dawa, apate nafuu, kisha siku ya mwisho anyang'anywe! Tuliwarudishia watafiti ombi lao. Hatukuwa tunaomba fadhila: Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa madaktari kuhusu utafiti kwa binadamu, limezungumzia wajibu huo kwa washiriki tangu marekebisho ya 2000.

Kuna kesi ngumu zaidi, na hapa sitaki kurahisisha. Mwaka 1994 ilithibitika kwamba AZT, dawa ya kupambana na VVU, ikitolewa kwa dozi ndefu inapunguza maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kutoka asilimia 25.5 hadi 8.3. Baadaye zikafanyika tafiti za dozi fupi zaidi Afrika na Asia ambamo baadhi ya wajawazito walipewa plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa. Watetezi walisema dozi ndefu haikuwa ikipatikana huko, hivyo hakuna aliyenyimwa alichokuwa nacho. Hoja hiyo ina uzito, ila mimi siikubali. Inaufanya umaskini wa mtu kuwa kibali cha kumpa pungufu, na dozi fupi ingeweza kulinganishwa na dozi ndefu.

Kumwacha mtu nje nako ni dhuluma. Wajawazito wameondolewa kwenye majaribio mengi kwa nia ya kuwalinda, matokeo yake daktari anawaandikia dawa akikisia dozi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho, utafiti uliochapishwa Marekani 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kugundua upungufu karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Hapo hakuna fomu iliyokosewa; swali ni nani aliachwa nje kipimo kilipokuwa kinajaribiwa.

Kuna mchangiaji amesema kuahidi dawa baada ya utafiti ni kumhonga mgonjwa ili akubali. Sioni hivyo. Pesa nyingi zinaweza kumfanya mtu afumbie macho hatari. Kuendelea kupata dawa iliyothibitika kumsaidia, ambayo mwili wake ndio uliotumika kuithibitisha, ni kulipwa deni. Na mfadhili anayesema hamudu gharama hiyo aulizwe mapema, kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa, dawa hiyo alikusudia kuja kumuuzia nani.