Jibu: Je, fotoni zilizofungamana huwasiliana kupita kasi ya mwanga?

Ndugu, umeuliza kama fotoni (chembe za mwanga) mbili zilizofungamana, yaani zilizounganishwa hivi kwamba matokeo ya kupima moja yanahusiana na ya nyingine, zinapeana habari kwa kasi kuliko mwanga, na kama hilo linaiangusha nadharia ya uhusianifu ya Einstein, isiyoruhusu habari kupita kasi ya mwanga. Hapana. Nadharia ya kwantamu ya uga, inayoeleza chembe kama mitikisiko ya uga, ina sharti: vipimo viwili vikiwa mbali kiasi kwamba mwanga hauwezi kutoka kimoja ukakiwahi kingine, kipi kimetangulia hakibadilishi chochote. Anayepima huku, akitazama orodha yake peke yake, anaona bahati nasibu tupu: juu, chini, chini, juu. Hawezi kujua mwenzake amegeuza kifaa upande gani, au hata kama amepima. Uwiano, yaani kuhusiana kwa matokeo ya pande mbili, hujitokeza pale tu orodha mbili zinapolinganishwa, na orodha hizo husafirishwa kwa njia za kawaida.

Ila usiuchukulie uwiano huo kirahisi. Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell alionyesha kwamba maelezo ya kuwa chembe "zilikubaliana tangu mwanzo" yana kikomo. Katika jaribio la aina ya CHSH (herufi za majina ya wanafizikia wanne), ambapo uwiano wa vipimo hujumlishwa kuwa namba moja, kikomo hicho ni 2. Kwantamu hufika takriban 2.83. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hata ombwe lenyewe, pasipo chembe yoyote, limefungamana: sehemu zake zilizo mbalimbali zina uwiano wa aina hiyo. Wanafizikia Summers na Werner walilithibitisha hilo kihisabati miaka ya 1980.