Programu ya zamani ikigoma kwenye kompyuta mpya, anza na saa

Wewe uliyeanza kazi juzi, kuna siku utaletewa programu ya miaka ya 1990, ya stoo au ya maabara, na mwenye nayo hataki hata kusikia habari ya kuibadilisha. Kwenye kompyuta yake kuukuu inapiga kazi vizuri. Ukiihamishia kwenye mpya, inakufa kabla hata menyu haijatokea. Usikimbilie kulaumu virusi. Jiulize kwanza: programu hii inajuaje kwamba muda umepita?

Mfano ninaopenda kuwapa wageni ni Turbo Pascal 7.0 ya Borland, chombo cha kuandikia programu cha mwaka 1992. Ina yuniti, yaani fungu la msimbo ulioandikwa tayari, iitwayo Crt, na ndani yake amri ya Delay ya kuisubirisha programu kwa milisekunde kadhaa. Ili kujua kasi ya mashine, Crt inapoamka huzungusha kitanzi kitupu (amri zinazojirudia bila kufanya kazi yoyote) kwa muda wa mdundo mmoja wa saa ya kompyuta, takriban milisekunde 55, huhesabu mizunguko, kisha hugawanya kwa 55. Jawabu lazima litoshe kwenye biti 16, yaani lisizidi 65,535. Zidisha mwenyewe: 65,535 mara 55 ni kama milioni 3.6. Prosesa zilipovuka megahetsi 200 hivi, mizunguko ikapita hapo, jawabu likakosa pa kukaa, na prosesa ikatoa onyo lilelile inalotoa mtu akigawanya kwa sifuri. Mtumiaji akaona kosa namba 200. Waliopekua data zao wakitafuta sifuri walisumbuka bure, kwa sababu kigawanyo kilikuwa 55 siku zote! Tena haikuhitajika hata kuita Delay. Programu ikishaitumia Crt kwa lolote, imekwisha.

Dawa inategemea ulicho nacho. Kama msimbo asilia upo, tafuta Crt iliyorekebishwa, kisha uutafsiri upya kuwa programu (compile). Kama una faili ya exe peke yake, yaani programu iliyokwisha kutafsiriwa, kuna viraka vya kuirekebisha hiyohiyo, ila fanya nakala kwanza. Njia nyingine ni DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya zamani, ambako unaweza kupunguza kasi kwa Ctrl+F11 na kuiongeza kwa Ctrl+F12 huku programu inaendelea. Lakini programu ikiwa inaongoza mtambo halisi kupitia kadi ya zamani, mimi siamini kuiga. Hapo tafuta kompyuta ya pili ya zamani, uiweke akiba.

Usidhani ni ugonjwa wa programu ndogondogo tu. Windows 95 ilikuwa ikikwama inapowaka kwenye AMD K6-2 za megahetsi 350 na kuendelea, wakati Intel za kasi hiyohiyo zilipita salama. AMD ilitekeleza haraka zaidi amri ya LOOP, ile inayorudisha kitanzi mwanzo, na vitanzi vya kupimia muda viliitegemea amri hiyo. Kwa hiyo namba ya megahetsi kwenye boksi haikuambii yote.

Sasa njoo kwenye msimbo wako wewe, maana ugonjwa huu haujazeeka. Mchezo unaosogeza mhusika hatua moja kwa kila picha utakimbia maradufu kwenye skrini ya hetsi 120 (picha 120 kwa sekunde) kama uliujaribu kwenye ya 60 tu. Zidisha mwendo kwa muda halisi uliopita tangu picha iliyotangulia. Na nyuzi mbili (threads, sehemu za programu zinazoendeshwa sambamba) zinazogusa data moja zinaweza kwenda sawa miaka mingi kwa sababu tu moja ilikuwa ikichelewa. Leta mashine ya kasi, zifike pamoja, uone vituko.

Ndiyo maana nikikagua kazi ya mgeni nikakuta Sleep(100), amri ya kuisubirisha programu, imekaa peke yake bila maelezo, nairudisha. Unasubiri nini? Kama ni faili, subiri ishara kwamba imefungwa. Kama ni kifaa, soma mwongozo wake, uandike pembeni ya namba hiyo ukurasa ulikoitoa.