Kukinai au uvivu?

SWALI: Assalaam alaykum, Shehe. Nimekataa kazi yenye mshahara mkubwa zaidi kwa kuwa nimekinai nilicho nacho. Mke wangu asema huo ni uvivu niliouvika kanzu. Nani yuko sawa?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Hilo la kanzu limenichekesha. Nami nimewahi kuambiwa hivyo nyumbani. Mtume (S.A.W.) alisema utajiri si wingi wa mali, bali ni utajiri wa nafsi. Hakusema tukunje mikono. Sahaba wake, Saad bin Abi Waqqas, akiugua Makka, alimwomba Mtume atoe sadaka thuluthi mbili za mali yake. Akakatazwa. Nusu? Akakatazwa. Thuluthi? Akaambiwa thuluthi, nayo ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyooshea watu mikono. Na wakati huo mrithi wake alikuwa binti mmoja tu!

Je, una madeni? Ada za watoto zimelipwa? Kama bado, umekinai kwa niaba yao bila kuwauliza. Ila kama kazi ile ingekula sala zako na muda wa familia, mweleze mkeo hivyo. Katika barua yako sioni kama ulimweleza.