Andika "hudhibiti", si "huthibiti"

Msomaji anayesomea uuguzi Jinja ananiuliza: "Mwalimu, nikiandika 'Protini G huthibiti mifereji ya ioni kwenye seli za moyo', je, neno 'mifereji' ni sahihi au niseme 'milango'?"

Sema milango, mwanangu. Mfereji hupitisha chochote kinachokuja, saa zote. Waulize wenye maduka kando ya mfereji wa Nakivubo siku mvua ikiinyeshea Kampala. Vitundu hivi vya seli hufunguka na kujifunga, na kila kimoja kina ioni zake, yaani chembe zenye chaji ya umeme; protini G ni swichi ya ndani ya seli inayovisimamia.

Kilichonichoma ni hilo "huthibiti". Nalikuta kwenye madaftari, kwenye mabango, hata kwenye barua za maofisa: "kuthibiti malaria", "kuthibiti magendo". Kuthibiti ni kuwa thabiti. Malaria iliyothibiti ni malaria iliyosimama imara! Asili zote mbili ni za Kiarabu: dhibiti ni kushika barabara na kutawala, thibiti ni kuwa imara, kuhakikika. Vivumishi "dhabiti" na "thabiti" vimekaribiana mno, nakubali. Vitenzi havikaribiani hata kidogo.

Utazame moyo wenyewe. Neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo hadi moyoni, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini kwenye seli zinazoanzisha mapigo. Kipokezi cha seli huinasa kemikali hiyo na kuigutusha protini G, nayo huachia molekuli iitwayo GDP, hushika nyingine iitwayo GTP (G hiyo ni ya guanini, ndiyo iliyoipa protini jina lake), kisha hugawanyika. Kipande chake kiitwacho beta-gama huushika mlango wa potasiamu na kuufungua. Potasiamu, yenye chaji chanya, hutoka, ndani ya seli huzidi kuwa hasi, mapigo hupungua. Ndiyo maana mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi alipochukua maji ya moyo wa chura uliopunguzwa kasi na neva hiyo na kuyatia kwenye moyo wa chura mwingine, nao ulipunguza kasi. Adrenalini ikija, protini G ya aina nyingine hutuma wajumbe, milango ya kalisi hufunguka zaidi, moyo hupiga kwa nguvu. Kushika, kuachia, kuongeza, kupunguza: huko ndiko kudhibiti. Kuthibitisha kuko wapi hapo?

Na wewe ni muuguzi. "Thibitisha mapigo" maana yake chukua saa, hesabu. "Dhibiti mapigo" maana yake mgonjwa atibiwe, yarudi mahali pake. Ukikuta kwenye faili "thibiti mapigo", utafanya lipi, na mgonjwa anakungoja?

Mdomoni nasamehe. Luganda haina dh wala th, na anayesema "kuzibiti" pale soko la Owino tunamwelewa, ingawa sikio langu husikia "kuziba", na protini G ya vagasi haizibi mlango, huufungua. Kwenye maandishi sisamehe. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, na watoto hao watasoma tunachokiandika sisi leo.

Andika hivi: "Protini G hudhibiti milango ya ioni kwenye seli za moyo." Ile th ifute leo hii, kabla mwenzako hajalinakili daftari lako.