Kabla ya kutunga maneno, tunga ugomvi

Daftari langu la kwanza la lugha ya kubuni lilikuwa na maneno 400. Nilikuwa naandika riwaya ya ulimwengu wa kufikirika, nikayatunga moja moja na kuyachomeka apostrofi, utadhani kila neno ni ng'ombe. Rafiki yangu aliposoma sura tatu akaniuliza: "Hawa wa mlimani na hawa wavuvi wametengana miaka elfu mbili, mbona wanaongea sawasawa?"

Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Nimekulia Dar, lakini bibi yangu mzaa mama ni wa Lamu. Likizo moja aliniita kutoka jikoni, "Ndoo, mwanangu!" Nikampelekea ndoo, tena imejaa maji. Alicheka mpaka akakaa chini. Kwake "ndoo" ni njoo, "ndia" ni njia, na macho ni "mato". Ukishaizoea ile nj inayogeuka nd, unaanza kubahatisha maneno kabla hujayasikia.

Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings na profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein mwaka 1892, alizijenga lugha za Maelfi wake, viumbe wasiokufa kwa uzee katika hadithi zake, hivyo hivyo. Kiquenya kina ladha ya Kifini, Kisindarin kina ladha ya Kiwelisi, lakini asili yao ni moja. Mti katika lugha mama iliyozizaa zote mbili ulikuwa galadā. Kiquenya kikaidondosha g, ukawa alda. Kisindarin kikaibakiza g na kuilainisha d, ukawa galadh. Baba ni atar huku, adar kule.

Kwa hiyo anza na mizizi 40 ya maneno na kanuni mbili tatu za sauti, uzipitishe bila huruma. Maneno mengine yatatoka mabaya. Neno langu la "malkia" linasikika kama mtu anapiga chafya, nimeliacha.

Halafu tafuta ugomvi. Kwa Tolkien, Noldor, kabila moja la Maelfi, walirudi kutoka ng'ambo ya bahari wakiongea Kiquenya. Thingol, mfalme wa Sindar, Maelfi ambao hawakuvuka bahari na walioongea Kisindarin, alipopata habari kwamba waliwaua ndugu zake kule Alqualondë, mji wa bandari wa ng'ambo, akaipiga marufuku lugha yao katika himaya yake. Kiquenya kikabaki cha wasomi na sherehe, Noldor wakazoea Kisindarin. Ninachokipenda zaidi ni kwamba marufuku ile iliziba pengo. Kwa miaka mingi Tolkien alikuwa ameiandika ile lugha yenye ladha ya Kiwelisi kuwa ya Noldor wenyewe. Alipoamua kuwapa Sindar, ilibidi apate sababu ya Noldor kuiongea. Akatunga kisa.

Mimi niligundua kwamba mto mmoja nimeuita jina moja sura ya pili, na jingine kabisa sura ya tisa. Zamani ningefuta. Sasa jina la kwanza ni la wavuvi, la pili ni la watu wa mlimani, na mvuvi akiteleza akalitamka la mlimani ndani ya mtumbwi, faini ni mbuzi.