Msomee ukurasa mmoja, kisha nyamaza

Mama mwenzangu unayeanza kuwafundisha watoto nyumbani, najua swali lako la kwanza, maana ndilo ninaloulizwa kila wiki: ninunue mtaala gani? Usinunue kitu kwanza. Chukua kitabu kimoja kizuri, kaa na mwanao kwenye mkeka au kochi, msomee ukurasa mmoja au miwili, kisha nyamaza umsikilize akusimulie alichosikia. Fanya hivyo mwezi mzima. Ukishaizoea kazi hiyo ya kunyamaza, mengine yatakuja. Usipoizoea, hata mtaala wa pauni mia tano utakaa kwenye rafu ukiutazama.

Naandika kutoka Leicester, Uingereza, ninakoishi na mume wangu na watoto watatu. Huu ni mwaka wetu wa sita. Mkubwa alikuwa na miaka saba tulipomtoa shule. Kila asubuhi alikuwa anashikwa na tumbo, na kila Jumamosi tumbo lilikuwa halipo. Tulihangaika na madaktari, tukazungumza na walimu, mwisho tukaamua.

Kosa langu la kwanza ni kwamba niliihamishia shule sebuleni. Nilinunua ubao, nikabandika ratiba kwenye friji: saa tatu Kiingereza, saa nne hesabu, saa tano sayansi. Nikamkalisha mtoto kwenye meza ya kulia kama yuko kwenye darasa la watu thelathini, naye yuko peke yake. Namsomea habari, namuuliza maswali kumi ya ufahamu, ananijibu "sijui." Namkaripia, analia, nami naenda kulia jikoni. Baada ya wiki sita tumbo likarudi, na safari hii mwalimu aliyelileta nilikuwa mimi.

Usiku mmoja wa Januari alikataa kulala. Nikazima taa, nikaanza kama mama yangu alivyokuwa akianza kule Tanga: "Paukwa!" Hakujua aitikie nini. Nikamfundisha: "Pakawa!" Nikampa ngano ya Kima na Papa. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, kila siku anamtupia rafiki yake papa matunda. Siku moja papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na katikati ya maji anamwambia kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu bila kutetereka: mbona hukuniambia mapema? Sisi tukisafiri mioyo yetu tunaiacha mtini. Twende tukauchukue.

Asubuhi nakanda unga wa chapati nikamsikia anamsimulia mdogo wake wa miaka minne. Hakuacha kitu. Kiswahili na Kiingereza vilikuwa vinaingiliana, lakini kisa kilikwenda moja kwa moja toka mkuyu mpaka mkuyu, na ile hila ya kima aliisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeficha jambo. Mikono yangu ikasimama kwenye unga. Huyu ndiye mtoto niliyekuwa nasema hana kumbukumbu.

Baadaye ndipo nikamsoma Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyezaliwa 1842 na kufariki 1923, ambaye alijenga elimu nzima juu ya jambo hilo. Mwaka 1892 alifungua chuo cha kuwaandaa walimu Ambleside, mji mdogo wa kaskazini kwenye milima na maziwa, na mpango wake wa masomo ukawa unatumwa kwa posta kwa familia zilizofundisha nyumbani. Alitaka mtoto apewe vitabu vyenye uhai, masomo yawe mafupi, na mtoto asimulie baada ya kusomewa mara moja tu. Nilipomsoma nilimkumbuka bibi yangu, ambaye hakukaa darasani hata siku moja, lakini ngano aliyotupa leo usiku, kesho yake lazima mmoja wetu aitoe, na wengine tumsahihishe akishamaliza. Kwa hiyo usije ukadhani unaingiza mila ya kigeni nyumbani kwako. Hii kazi tunaijua.

Sasa nikuoneshe inavyokwenda, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Kabla ya kusoma, kumbusheni mlipoishia jana, kwa sentensi mbili tu. Majina mageni yaandike kwenye karatasi ili yasimbabaishe. Soma taratibu, kwa sauti yako ya kawaida. Dakika kumi zinamtosha wa miaka sita. Wa miaka tisa huenda mpaka ishirini. Ukimaliza sema, "Haya, nisimulie." Kisha kaa kimya. Usimsaidie neno, usimsahihishe jina, usiongeze "na yule mzee je?" Mtoto akinyamaza kidogo anatafuta, hajakwama. Ukimwingilia, ile kazi ya kupanga mambo kichwani umemnyang'anya ukaifanya wewe.

Na usirudie kusoma. Hilo nililiona ukatili mwanzoni. Nikagundua kwamba mtoto akijua utarudia, mara ya kwanza hasikilizi, na ya pili anasikiliza nusu. Akisema "sijui," usikasirike wala usimsomee tena. Mwambie, "Haya, niambie kitu kimoja tu ulichokiona." Mara nyingi kile kimoja huvuta cha pili. Kikikataa kabisa, fungeni kitabu, na kesho soma kifupi zaidi. Wangu ilimchukua karibu miezi mitatu mpaka akawa anasimulia kitabu alichosomewa kama alivyosimulia ile ngano. Miezi mitatu, nakuambia, na siku nyingi nilitamani kurudi kwenye yale maswali kumi.

Achanganye lugha, mwache. Binti yangu alikuwa anasimulia Kiingereza chenye "halafu" na "kumbe" katikati, na polepole kila lugha ikashika njia yake. Kuandika masimulizi kusianze mapema. Mason alingoja mpaka kama miaka kumi, nami nimeona sababu: mkono wa mtoto unachoka haraka kuliko kichwa chake, na ukimlazimisha aandike kila kitu, atajifunza kusema kidogo ili aandike kidogo.

Kitabu chenye uhai utakijuaje? Fungua ukurasa wa kwanza usome kwa sauti. Kuna kitabu kitakachokuambia: tembo ni mnyama mkubwa, ana mkonga, anakula majani. Ukikifunga, hakuna cha kusimulia. Kingine kitakupeleka nyuma ya tembo mmoja jike anayeongoza wenzake kwenye kiangazi, anachimba mchanga wa mto uliokauka mpaka maji yatoke. Mtoto atakusimulia huo mto, na ndani ya masimulizi utakuta mkonga, majani na kiangazi. Kwetu historia, jiografia na sayansi zote zinapita njia hiyo. Maktaba za mji hapa ni bure, na kitabu ambacho hakipo tawi lenu unaweza kuomba kiletwe kutoka tawi lingine. Vya Kiswahili ni vigumu kupata, kwa hiyo kila ndugu anayekuja namwomba nafasi ya vitabu viwili kwenye begi lake.

Jambo ambalo ningependa niambiwe mapema: mtoto wa nyumba ya Kiswahili mfundishe kusoma Kiswahili kwanza. Ba be bi bo bu, ma me mi mo mu. Herufi zetu hazimdanganyi. Inavyoandikwa ndivyo inavyosemwa. Binti yangu alisoma "mama anapika samaki" akiwa na miaka mitano, baada ya wiki chache za dakika kumi kumi, na ile furaha ya kujua kwamba anaweza ndiyo aliyoingia nayo kwenye Kiingereza, ambako kila neno lina ujanja wake. Kaka yake alianzia Kiingereza shuleni, akateseka sana.

Hesabu haisomwi kwa hadithi, usijidanganye. Ina mpangilio wake na inataka kila siku, kidogo kidogo. Tunatumia kitabu cha kawaida cha hesabu, na bao. Mashimo 8 kwa safu 4 ni 32. Weka kete 2 kila shimo, 64. Mtoto anayecheza bao na baba yake anajua jedwali la nane kabla hajaambiwa kwamba ni jedwali.

Sheria nitaipitia haraka, ila usiiruke. Hapa Uingereza, kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya 1996 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, kwa kwenda shule au kwa njia nyingine, na hiyo njia nyingine ndiyo sisi. Ukimtoa shule unamwandikia barua mwalimu mkuu. Kama yuko shule ya watoto wenye mahitaji maalumu, inabidi upate kwanza kibali cha halmashauri. Halmashauri inaweza kukuuliza unamfundisha nini, basi weka daftari: tarehe, kitabu, kurasa, na sentensi moja ya alichosimulia. Hakuna fedha utakayopewa, na mitihani ya sekondari utamlipia mwenyewe kama mtahiniwa binafsi, kwa hiyo anza kuweka akiba. Scotland ina utaratibu wake. Walioko Ujerumani, huko haikubaliki. Na nyumbani Tanzania, sheria inataka mtoto aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie. Huko kusoma na kusimulia kuwekeni jioni baada ya shule, na bado kutamfaa sana.

Kuna siku zitaharibika. Mume wangu anafanya zamu ya usiku ghalani, asubuhi amelala juu, wa mwisho ana miaka minne na anataka kuimba. Siku kama hiyo tunavaa makoti tunatoka. Tunafuata njia ya kando ya Mto Soar, kila mtoto na daftari lake la michoro. Machi iliyopita tulimkuta korongo wa kijivu amesimama majini kwa mguu mmoja. Watoto walikaa chini. Hata wa miaka minne alinyamaza. Tulimtazama mpaka aliposhusha shingo ghafla na kuinuka na samaki.

Jioni tukampigia bibi yao kwa video.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Leo mmesoma nini?"

Huwa anauliza hivyo kila mara, na najua ndani ya swali kuna hofu yake, kwa sababu majirani wanamuuliza kama ni kweli wajukuu zake hawaendi shule. Binti yangu, sasa ana miaka tisa, akafungua daftari akaliweka mbele ya simu, akamsimulia yule korongo toka mwanzo: mguu mmoja, ule ukimya, shingo kama herufi S, samaki. Kwa Kiswahili chote. Mama yangu alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akasema, "Huyo namjua. Yuko hapa kwenye mikoko, anawasubiri wavuvi wakirudi."

Mtoto akaomba penseli. Chini ya mchoro, pale alipokuwa ameandika mahali na tarehe, akaongeza mstari mmoja: "Bibi anamjua."