Baada ya upasuaji wa utumbo, jua kwanza kilichogoma ni kipi

Mwanamume aliyefanyiwa upasuaji wa vidonda vya utumbo mpana au wa ugonjwa wa Crohn (uvimbe wa kudumu wa utumbo) akiulizwa hali ya chumbani, jibu lake mara nyingi ni moja: “Nguvu zimeisha.” Jibu hilo linaficha kuliko linavyoeleza. Ndani yake kuna mambo manne: hamu, uume kusimama, manii kutoka, na kufika kileleni. Kila moja lina njia yake mwilini, na kisu kinaweza kugusa moja kikayaacha mengine mazima. Anayemeza vidonge kabla ya kujua kipi kimegoma anajitibu kwa kubahatisha.

Utumbo mpana ukitolewa na puru (sehemu yake ya mwisho, juu ya njia ya haja) ikaachwa, neva za uzazi haziguswi sana. Hatari huanza puru yenyewe inapotolewa, iwe ili njia ya haja ifungwe kabisa na mtu abaki na stoma (tundu la tumboni ambalo kinyesi hutokea na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa), iwe ili ashonewe mfuko wa ndani uliotengenezwa kwa utumbo mwembamba. Puru imelala nyuma ya kibofu, tezi dume na vifuko vya manii, na neva zinapita hapohapo, nyembamba kama nyuzi. Zile zinazoshuka kutoka kiunoni husukuma manii na kufunga shingo ya kibofu ili yasirudi nyuma. Zile zinazotoka chini ya mgongo, ngazi ya S2 hadi S4, hufungulia damu iingie uumeni. Neva inayobeba hisia za uume hupita njia nyingine, na mara nyingi husalimika. Ndiyo maana mtu anaweza kufika kileleni, raha ikiwa ipo, na tone lisitoke.

Kwa hiyo kama bado hujapasuliwa, una maswali ya kumuuliza daktari wako. Pale ambapo hakuna saratani, anaweza kukata karibu na ukuta wa puru badala ya kuchukua nyama pana inayoizunguka, na hivyo kukaa mbali na neva. Muulize atafanya hivyo au la, na kwa nini. Uliza pia kuhusu kuhifadhi mbegu kwenye baridi kabla ya siku ya upasuaji, hata kama hufikirii mtoto sasa. Na ujaze fomu fupi ya maswali 5 kuhusu kusimama kwa uume, iitwayo IIEF-5. Alama kamili ni 25, na chini ya 22 kuna tatizo. Wagonjwa wengi walishapungukiwa kabla ya kisu kwa sababu ya maumivu, kukonda, upungufu wa damu na predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe. Bila alama za awali, baadaye kila kitu kitasingiziwa upasuaji.

Baada ya upasuaji, kidonda cha tumbo kwa kawaida huhitaji wiki 6 hadi 8 kabla ya tendo. Kidonda cha msamba, pale njia ya haja ilipofungwa, huchelewa zaidi. Kinaweza kuchukua miezi, na kukiwahi ni kukifumua. Neva iliyovutwa tu, haikukatwa, inaweza kurudi polepole kwa miezi 6 hadi 24. Hilo lisikufanye ukae kimya miaka 2 ukisubiri. Sema mapema, uanze kusaidiwa huku neva ikipona.

Kipimo cha kwanza ni cha bure: alfajiri uume unasimama wenyewe? Ukisimama imara usingizini au asubuhi lakini ukalegea mbele ya mwenzi, mishipa ya damu na neva vinafanya kazi, na kinachozuia huenda ni hofu, maumivu au aibu ya mfuko wa stoma. Hamu ikiwa imekufa kabisa, omba testosteroni ipimwe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, mara 2 kwa siku tofauti. Usikubali sindano za testosteroni kiholela kama bado unataka mtoto, kwa sababu huzima utengenezaji wa mbegu kwenye korodani.

Dawa za kusimamisha zinaharibiwa na matumizi mabaya kuliko udhaifu wake. Sildenafili kwa kawaida huanza na miligramu 50, saa 1 kabla ya tendo, tumbo likiwa tupu. Chakula cha mafuta huichelewesha. Tadalafili ya miligramu 10 au 20 hudumu hadi saa 36, na ipo ya miligramu 5 ya kila siku. Zote huongeza kile ambacho neva imeanzisha, basi bila kusisimuliwa hakitokei kitu. Jaribu angalau mara 6 kwa siku tofauti, kwa dozi aliyoiweka daktari, kabla ya kusema zimeshindwa. Neva ikiwa imekatika, kidonge hakina cha kuongeza. Hapo inakuja pampu ya kuvuta hewa, ambayo pete yake haipaswi kuzidi dakika 30, au sindano ya ubavuni mwa uume inayofundishwa kliniki. Uume ukisimama zaidi ya saa 4, nenda hospitali usiku huohuo. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti asiguse vidonge hivi kamwe. Mwenye stoma ya utumbo mwembamba naye ajue kwamba anapoteza maji mengi, na vidonge hushusha presha. Akimeza akiwa amekaukiwa, kizunguzungu kitamwangusha.

Manii yasipotoka, kojoa mara tu baada ya kilele na uitazame mikojo. Ikiwa na ukungu, huenda manii yamerudi kwenye kibofu. Hayadhuru. Maabara ikiziona mbegu humo, zinaweza kuvunwa baada ya kupunguza asidi ya mkojo. Zisipoonekana, zinaweza kutolewa korodanini. Kama unatumia sulfasalazini, dawa ya uvimbe wa utumbo, mwambie daktari: hupunguza mbegu, nazo hurudi miezi 2 hadi 3 baada ya kubadilishiwa dawa. Usiiache mwenyewe.

Mwenye stoma afanye maandalizi yake taratibu. Kula saa 2 au 3 kabla ya tendo. Mwaga mfuko wote, toa hewa, kisha kandamiza kibandiko kwa kiganja dakika moja; joto la mkono hulainisha gundi ikashika kingo. Ugeuze mfuko ulale upande badala ya kuning’inia katikati yenu, kunja ncha yake, na ufunge mkanda mpana wa kitambaa juu yake. Weka taulo na mfuko wa akiba karibu. Mikao ya ubavu, au mwenzi akiwa juu lakini uzito wake ukiwa mbali na stoma, huwa na amani zaidi. Stoma haina hisia za maumivu, kwa hiyo inaweza kuchubuka usijue, iangalie baadaye. Tone la damu linalokoma ukilikandamiza kwa kitambaa laini si jambo la kutisha. Damu isiyokoma, au stoma iliyogeuka nyeusi, ni safari ya hospitali. Ndani ya stoma haiingizwi kitu chochote kwa ajili ya raha. Mwenye mfuko wa ndani naye aende haja kwanza, na asiruhusu kitu kupita kwenye mshono wake wa chini bila kibali cha daktari aliyemshona.